Rovu shingoni: Je, upungufu wa madini joto huleta saratani?

Katika vijiji vya milimani, kutoka mwambao wa Ziwa Kivu hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, watu wa makamo wangali wanawakumbuka wazee waliokuwa na uvimbe mkubwa shingoni. Uvimbe huo huitwa rovu. Aghalabu haukuwa na maumivu, na kwa kuwa uliwapata watu wengi wa ukoo mmoja na wa kijiji kimoja, ulichukuliwa kuwa sehemu ya maisha, kama mvi au makunyanzi ya uso.

Leo mambo yamebadilika. Marovu makubwa yamepungua, lakini hofu imeongezeka. Mama anayejipaka mafuta mbele ya kioo, akahisi kinundu chini ya koo, hafikirii tena habari za ukoo; neno la kwanza linalomjia ni saratani. Nao majirani humwongezea mashaka. Mmoja humwambia kwamba ugonjwa huo umetokana na kukosa chumvi yenye madini joto. Mwingine humwonya kwamba chumvi hiyohiyo, iliyotiwa dawa kiwandani, ndiyo iliyomletea balaa.

Nani kati yao anasema kweli? Jibu fupi ni hili. Upungufu wa madini joto, ambayo kwa jina la kitaalamu ni iodini, ni chanzo kikubwa cha marovu na vinundu vya shingo. Hata hivyo, vinundu vilivyo vingi si saratani. Uhusiano kati ya upungufu huo na saratani upo, lakini unaonekana zaidi katika aina ya saratani inayojitokeza na ukali wake kuliko katika idadi ya wanaougua. Jibu refu linahitaji kwanza tuifahamu tezi yenyewe.

Tezi ndogo yenye kazi kubwa

Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ikiwa imelikumbatia koo la hewa kwa mabawa mawili mfano wa kipepeo. Kwa mtu mzima mwenye afya haizidi uzito wa gramu 25 au hivi. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, uzito, usagaji wa chakula, na zaidi ya yote, ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni na wa mtoto mchanga.

Homoni hizo haziwezi kutengenezwa bila iodini. Homoni kuu, thairoksini, ina atomu nne za iodini katika kila molekuli yake. Ile ya pili, yenye nguvu zaidi, ina atomu tatu. Mwili hauwezi kujitengenezea iodini, hivyo sharti ipatikane katika chakula. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na mikrogramu 250 kwa mama mjamzito au anayenyonyesha. Kiasi hicho ni kidogo mno. Iodini anayoihitaji mtu katika miaka 70 ya maisha yake yote haijazi hata kijiko kimoja cha chai. Lakini kijiko hicho hakiwezi kunywewa kwa siku moja kikamfaa mtu maisha yake yote. Ni lazima kigawanywe kidogo kidogo, kila siku.

Kwa nini watu wa milimani?

Iodini nyingi ya dunia imo baharini. Kwa muda wa maelfu ya miaka, mvua na mito imeiosha kutoka kwenye udongo wa miinuko na kuipeleka bondeni, hata ikaishia baharini. Udongo ulioachwa nyuma huotesha mahindi, viazi, maharage na ndizi zenye sura njema na ladha njema, lakini zisizo na iodini ya kutosha. Ng'ombe anayekula majani ya hapo naye hutoa maziwa yenye upungufu uleule. Kwa sababu hiyo, familia inaweza kushiba kila siku na bado ikakosa kitu kimoja kisichoonekana kwa macho.

Hali hiyo haikuwa ya Afrika peke yake. Milima ya Alpi barani Ulaya ilijulikana kwa marovu kwa karne nyingi. Daktari mpasuaji wa Uswisi, Theodor Kocher, aliyefanya kazi mjini Bern, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa utafiti na upasuaji wa tezi hiyo, na sababu mojawapo ya umahiri wake ni kwamba wagonjwa wa rovu walimjaa mlangoni. Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan nchini Marekani likafuata mwaka 1924. Katika muda wa kizazi kimoja marovu ya watoto wa shule yakapungua sana.

Hata hivyo, kuishi karibu na bahari si kinga kamili. Katika visiwa vya Unguja na Pemba iliaminika kwa muda mrefu kwamba walaji wa samaki hawawezi kukosa madini joto, na kwa hiyo chumvi ya pale haikutiliwa mkazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba upungufu ulikuwapo visiwani humo, na kwamba chumvi nyingi iliyotumiwa majumbani haikuwa na iodini. Samaki peke yake, kwa kiasi ambacho watu wengi humudu kununua, hakutosha.

Kisa cha kisiwa cha Idjwi

Katika Ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda, kiko kisiwa cha Idjwi. Katika miaka ya 1960 watafiti, miongoni mwao daktari wa Kibelgiji François Delange, walikuta huko jambo la kushangaza. Upande wa kaskazini wa kisiwa takribani nusu ya watu walikuwa na rovu. Upande wa kusini-magharibi marovu yalikuwa machache. Lakini vipimo vilionyesha kwamba iodini ilikuwa haba pande zote mbili, kwa kiwango kinachokaribiana. Ikiwa njaa ya iodini ni moja, kwa nini ugonjwa usiwe mmoja?

Jibu lilipatikana kwenye chakula, na hasa kwenye muhogo. Muhogo, hususan ule mchungu, una kemikali ambayo hutoa sianidi. Muhogo usipolowekwa, kuchachushwa na kukaushwa ipasavyo, sehemu ya sumu hiyo hubaki. Mwili hujikinga kwa kuigeuza kuwa thaiosianeti, ambayo si kali kama sianidi, lakini ina tabia moja mbaya: hugombea mlango uleule ambao iodini hupitia kuingia katika tezi. Mtu mwenye iodini ya kutosha hapati madhara makubwa, kwa kuwa iodini yake ni nyingi na hupata njia. Mtu mwenye iodini haba hunyimwa hata ile kidogo aliyo nayo.

Funzo la Idjwi ni muhimu kwa swali letu. Upungufu wa iodini huandaa uwanja, lakini mara nyingi sababu nyingine huingia pia: chakula, jinsia, umri, urithi, uvutaji wa sigara. Ndiyo maana watu wawili wanaokula chungu kimoja wanaweza kupishana, mmoja akavimba shingo na mwingine asivimbe. Wala si haki kuulaumu muhogo kana kwamba ni adui. Muhogo ulioandaliwa kama wazee walivyofundisha, kwa kulowekwa siku kadhaa na kuanikwa juani, hupoteza sehemu kubwa ya sumu yake.

Kutoka rovu hadi vinundu

Iodini inapopungua, tezi hushindwa kutengeneza homoni za kutosha. Ubongo hulitambua hilo. Tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, hutoa homoni ya kuichochea thairoidi, nayo kwa hakika huiambia: fanya kazi zaidi, kua zaidi. Thairoidi hutii. Seli zake huongezeka, mishipa ya damu hutanuka, na tezi nzima huvimba ili inase kila chembe ya iodini inayopita katika damu. Hilo ndilo rovu la mwanzo: uvimbe laini, ulio sawasawa pande zote, unaoonekana zaidi kwa vijana waliobalehe na kwa wanawake wajawazito, ambao mahitaji yao ni makubwa. Katika hatua hii, hasa kwa watoto, iodini ikipatikana uvimbe unaweza kupungua na hata kutoweka.

Lakini seli zote za tezi hazilingani. Zipo zinazoitikia uchochezi upesi, na zipo zinazochelewa. Miaka inavyopita, zile za upesi hujigawa mara nyingi kuliko wenzake na kufanya vikundi vyao. Tena, kila seli inapojigawa kuna uwezekano mdogo wa kosa katika kunakili chembe za urithi. Migawanyiko ikiwa mingi kwa miaka mingi, makosa nayo huongezeka. Baadhi ya makosa hayo huifanya seli iendelee kukua bila kungoja amri ya pituitari. Hivyo rovu laini la ujanani hugeuka kuwa rovu lenye vinundu utu uzimani, mfano wa gunia la viazi. Ukifika hapo, kula chumvi yenye iodini hakuviyeyushi tena vinundu.

Hii ndiyo sababu vinundu ni vingi zaidi kwa wanawake, kwa watu wenye umri mkubwa, na kwa waliokulia katika maeneo yenye upungufu. Hata hivyo havipo huko tu. Katika nchi zenye iodini ya kutosha, daktari akipapasa shingo kwa vidole hukuta kinundu kwa wanawake wapatao 5 kati ya 100. Akitumia mashine ya altrasaundi idadi huwa kubwa mara nyingi zaidi, kwa sababu mashine huona hata vinundu vidogo kuliko punje ya mahindi. Kwa maneno mengine, kuwa na kinundu shingoni ni jambo la kawaida la ubinadamu.

Saratani: ushahidi unasema nini?

Kati ya vinundu vinavyochunguzwa na madaktari, vilivyo vingi, takribani 9 kati ya 10 au zaidi, huwa si saratani. Vilivyobaki ndivyo vinavyohitaji kugunduliwa mapema. Je, upungufu wa iodini huongeza hatari ya kuwa miongoni mwa hivyo?

Kwa wanyama jibu liko wazi. Panya wa maabara wakinyimwa iodini kwa muda mrefu hupata uvimbe wa thairoidi, na baadhi yao hupata saratani. Uchochezi wa kudumu wa pituitari ndio unaodhaniwa kuwa kiini. Kwa binadamu jambo ni gumu zaidi kulipima. Watu wenye marovu ya muda mrefu na wenye vinundu huonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi hiyo kuliko wasio navyo. Lakini ukilinganisha nchi zenye upungufu na zisizo na upungufu, idadi ya wagonjwa haifuati mstari mmoja, kwa sababu nchi zenye iodini nyingi mara nyingi ndizo pia zenye mashine nyingi za kupimia.

Kinachoonekana waziwazi zaidi ni tofauti ya aina. Saratani ya thairoidi si ugonjwa mmoja. Iliyo ya kawaida kuliko zote huitwa papilari. Hukua polepole, na wagonjwa wengi sana wanaotibiwa hupona na kuishi miaka yao. Ya pili huitwa folikula. Hii ina desturi ya kusafiri kwa njia ya damu hadi kwenye mifupa na mapafu. Ya tatu, anaplastiki, ni adimu, huwapata hasa wazee, na ni miongoni mwa saratani kali kuliko zote zinazojulikana. Mara nyingi huua katika muda wa miezi.

Katika maeneo yenye upungufu wa iodini, sehemu ya wagonjwa wenye folikula na anaplastiki huwa kubwa zaidi. Iodini inapoletwa, uwiano hubadilika. Mfano unaojulikana ni mkoa wa Salta, kaskazini mwa Argentina, chini ya milima ya Andes, ambako rovu lilikuwa la kawaida. Baada ya chumvi kuanza kutiwa iodini katika miaka ya 1960, watafiti waliona fungu la saratani ya papilari likiongezeka miongoni mwa wagonjwa na la aina zilizo kali likipungua. Mwelekeo kama huo umeelezwa pia katika nchi za milima ya Alpi.

Kwa hiyo, mtu akisoma mahali kwamba saratani ya papilari imeongezeka baada ya chumvi kutiwa iodini, asikimbilie kusema kwamba chumvi imeleta saratani. Ni sawa na kijiji ambacho chui wamepungua na mbweha wakaanza kuonekana zaidi. Mbweha naye ni mnyama wa kuangaliwa, lakini hakuna mfugaji ambaye angeomba chui warudi.

Chernobyl: pale tezi yenye njaa ilipokula sumu

Ushahidi ulio wazi kuliko wote wa jinsi upungufu wa iodini unavyoweza kufungua mlango wa saratani ulitoka katika msiba. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl, nchini Ukraine, kililipuka. Miongoni mwa vitu vilivyorushwa hewani ilikuwamo iodini yenye mionzi. Iliangukia majani, ng'ombe wakayala, na watoto wakanywa maziwa.

Tezi ya thairoidi haiwezi kutofautisha iodini salama na iodini yenye mionzi. Tezi iliyoshiba huchukua kidogo. Tezi yenye njaa hunyakua yote inayoipata. Maeneo mengi ya Belarus, Ukraine na Urusi yaliyokumbwa yalikuwa na upungufu wa iodini tangu zamani. Kufikia mwaka 2005 zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali walikuwa wamepata saratani ya thairoidi, ingawa waliofariki kwa ugonjwa huo walikuwa wachache mno. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka huohuo uliona kwamba, kwa kiasi kilekile cha mionzi, hatari ilikuwa kubwa takribani mara tatu kwa watoto wa maeneo yenye iodini haba. Nako Poland, ambako serikali iligawa dawa ya iodini kwa watoto wapatao milioni 10 katika siku chache, tezi za watoto zilijazwa iodini salama kabla ile ya sumu haijaingia.

Hakuna kinu cha namna hiyo katika ukanda wetu. Hata hivyo kisa hiki kinatuonyesha kanuni: tezi yenye upungufu ni dhaifu mbele ya madhara mengine.

Wakati tiba ilipoleta taabu yake

Wale wanaoiogopa chumvi ya kiwandani hawakosi kabisa sababu, na ni haki kuieleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi nyingi za Afrika zilianza kutia iodini katika chumvi kwa kasi. Katika Kivu, mashariki mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, na pia nchini Zimbabwe, madaktari wakaanza kupokea wagonjwa wenye mapigo ya moyo ya kasi, kutetemeka mikono, jasho jingi na kukonda. Wengi walikuwa watu wazima wenye marovu ya zamani yenye vinundu.

Kilichotokea ni hiki. Vile vinundu vilivyokwisha kujitawala, visivyongoja amri ya pituitari, vilikuwa vimekaa miaka mingi bila malighafi. Iodini ilipofika ghafla, tena kwa wingi kupita kiasi kwa sababu viwango vya chumvi havikusimamiwa vizuri, vilianza kutengeneza homoni bila mpaka. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika nchi saba za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania na Zambia, ulikuta kwamba tatizo hilo lilikuwa limejitokeza katika nchi hizo mbili tu. Halikuwa saratani, liliweza kutibika, na lilipungua kadiri viwango vya chumvi vilivyorekebishwa na kadiri kizazi kipya kilivyokua bila vinundu. Funzo lake si kwamba chumvi yenye iodini iachwe, bali kwamba ipimwe.

Kutafuta sana nako kuna hasara

Upo upande mwingine wa habari hii, nao unatoka Korea Kusini. Tangu mwaka 1999 nchi hiyo ilianzisha mpango wa kupima saratani mbalimbali, na hospitali nyingi zikaongeza altrasaundi ya shingo kwa malipo madogo. Kufikia mwaka 2011 idadi ya waliogunduliwa kuwa na saratani ya thairoidi ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993. Lakini idadi ya waliokufa kwa ugonjwa huo haikubadilika. Maana yake ni kwamba wengi walikuwa na saratani ndogo za papilari ambazo zisingewadhuru maishani mwao. Hata hivyo takribani wote walipasuliwa, na wengi wao wanalazimika kumeza vidonge vya homoni kila siku hadi mwisho wa maisha.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hawashauri mtu asiye na dalili wala hatari ya pekee apimwe shingo kwa altrasaundi kama desturi. Kinachohitajika ni mwenye dalili asicheleweshwe.

Mwenye kinundu afanye nini?

Jambo la kwanza ni kwenda hospitali, na si kwenda kwa mkandaji wala kununua matone ya iodini dukani. Iodini nyingi inayomezwa bila kipimo inaweza kumdhuru mwenye vinundu, kama ilivyoonekana Kivu.

Daktari kwa kawaida huanza kwa kupapasa shingo na kupima damu ili ajue kama tezi inafanya kazi kupita kiasi, chini ya kiasi, au sawasawa. Kisha hufuata altrasaundi, ambayo huonyesha ukubwa wa kinundu, kama kina maji ndani, na kama kingo zake zimenyooka. Ikiwa kuna shaka, hutumika sindano nyembamba kuchukua seli chache na kuziangalia kwa hadubini. Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakihitaji kulazwa. Wapo wanaoamini kwamba kinundu kikichomwa sindano saratani husambaa. Imani hiyo imewachelewesha wengi bila sababu. Hatari ya jambo hilo ni ndogo mno ikilinganishwa na hatari ya kutojua.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kungoja. Nazo ni kinundu kinachokua haraka katika wiki au miezi michache. Kinundu kigumu kisichosogea. Sauti kukwaruza bila mafua. Ugumu wa kumeza au kupumua. Na tezi nyingine zilizovimba pembeni mwa shingo. Vilevile awahi kupimwa mtu aliyewahi kupigwa mionzi ya matibabu shingoni alipokuwa mtoto, au ambaye ndugu yake wa damu amewahi kupata saratani hiyo. Na mzee ambaye amekaa na rovu lake miaka 30 kwa amani, kisha likaanza kukua ghafla, asiambiwe kwamba ni mambo ya uzee. Huenda hilo ndilo badiliko lisilopaswa kungoja hata wiki moja.

Ikigunduliwa kuwa ni saratani, tiba kuu ni upasuaji. Kwa baadhi ya wagonjwa hufuata iodini yenye mionzi, ambayo hutumia tabia ileile tuliyoieleza: seli za thairoidi huifuata iodini popote, na safari hii zinaipokea ile inayoziua. Tiba hii hupatikana katika hospitali chache tu za ukanda wetu, na gharama za safari huwa mzigo kwa familia. Aliyeondolewa tezi yote humeza kidonge cha homoni kila siku, na akikifuata anaweza kuishi, kufanya kazi na kuzaa kama wenzake.

Chumvi iliyoko jikoni

Kwa jamii kwa jumla, kinga inabaki kuwa chumvi. Kinga hii haimlindi mtu mzima tu. Upungufu wa iodini wakati wa ujauzito unaweza kuharibu mimba, na unaweza kumzaa mtoto ambaye ubongo wake hautafikia uwezo wake, hasara ambayo hairekebishiki akishakua. Ukiweka saratani pembeni kabisa, sababu hiyo peke yake inatosha.

Yapo mambo machache ya kuzingatia nyumbani. Pakiti ya chumvi inunuliwe ikiwa imeandikwa kwamba imetiwa iodini au madini joto. Ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na moshi, jua na unyevu, kwa kuwa iodini hupotea. Itiwe chakula kinapokaribia kuiva, isichemshwe tangu mwanzo. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kisado sokoni, hata kama ni nafuu na ina ladha wanayoipenda wazee, mara nyingi haina iodini. Wala shauri hili halimaanishi kuongeza chumvi mezani. Wenye shinikizo la damu waendelee kupunguza kama walivyoagizwa. Chumvi kidogo yenye iodini ni bora kuliko chumvi nyingi isiyo nayo.

Tukirudi kwa yule mama aliye mbele ya kioo, majirani wake wawili walikuwa na ukweli nusu nusu. Huenda alikulia mahali ambapo udongo ulikosa iodini, na kinundu chake kilianza kujengeka akiwa msichana, kabla chumvi yenye madini joto haijafika dukani kwao. Chumvi anayoitumia leo haikumletea ugonjwa, wala haitamwondolea kinundu alicho nacho. Lakini itawakinga wanawe. Yeye mwenyewe anahitaji kitu kingine: daktari wa kumpapasa shingo, na kuna uwezekano mkubwa kwamba atarudi nyumbani akiwa ameambiwa kuwa si saratani.